Antena ya umeme katika gari kuukuu: Jinsi ya kuifufua bila kupoteza masafa ya mbali

Na MWANDISHI WETU

WENYE magari ya zamani katika miji ya Kaskazini Mashariki wanaifahamu vyema sauti hiyo. Ufunguo unazungushwa, redio inawaka, na ubavuni mwa boneti au ndani ya buti panasikika mngurumo mfupi wa mota ndogo. Gari lilipokuwa jipya, mngurumo huo uliandamana na mlingoti wa antena uliopaa polepole, kipande kikitoka ndani ya kipande, hadi ukafika kimo chake. Sasa mngurumo upo, lakini mlingoti haupandi. Au ulipanda siku moja, ukapigwa na tawi la mgunga, ukapinda, na tangu hapo haujashuka.

Mjini Takaba, makao makuu ya eneo la Mandera Magharibi, kifaa hiki kinapoharibika hakuna duka la jirani la kukimbilia. Kipuri huagizwa kutoka Nairobi, aghalabu kwa wauzaji wa barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, kisha hupakiwa kwenye basi au lori la kuelekea kaskazini. Ndiyo maana antena ambayo mkazi wa jiji angeinunua nyingine jioni hiyo hiyo, huku hutengenezwa. Tatizo ni kwamba mara nyingi hutengenezwa kwa namna inayoifanya ipande na kushuka vizuri, huku redio yenyewe ikiwa imekuwa kiziwi.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu ahangaike na antena ya gari wakati kila msafiri ana simu mfukoni. Jibu ni kwamba simu hutegemea mnara wa karibu. Katika miaka ya karibu na 2020, minara ya simu ilishambuliwa mara kadhaa katika kaunti za Mandera, Wajir na Garissa, na wakazi wa baadhi ya maeneo wakabaki bila mawasiliano. Hata minara inapokuwa mizima, kati ya mji mmoja na mwingine zipo sehemu ndefu ambako simu haina kazi ila kuonyesha saa. Dereva anayetaka kujua iwapo laga imefurika mbele yake, au barabara imefungwa, huitegemea redio. Novemba 2023, mvua za El Nino zilipokata barabara kati ya Garissa na Madogo, watu na mizigo walivushwa kwa mashua. Aliyepata habari hizo mapema alijiokolea siku kadhaa za kungoja kando ya maji.

Masafa ya FM, ambayo ndiyo yanayopendwa mijini, husafiri kwa mstari ulionyooka na hufika takriban upeo wa macho tu kutoka kwenye mnara wake. Masafa ya kati na masafa mafupi huenda mbali zaidi, hasa usiku, yanapoakisiwa na tabaka za juu za anga. Kwa miongo mingi haya ndiyo yaliyoifikia Kaskazini Mashariki: matangazo ya Sauti ya Kenya, iliyogeuzwa kuwa KBC mwaka wa 1989, na ya Idhaa ya Kisomali ya BBC, iliyoanzishwa mwaka wa 1957. Redio nyingi za magari ya zamani ziliundwa kwa kuzingatia masafa hayo, na antena zake pia. Jambo hilo ndilo mafundi wengi hulisahau.

Magari yenyewe na kifaa chenyewe

Kanuni za humu nchini kwa jumla haziruhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane, kwa hivyo magari yenye antena za aina hii yaliyosalia ni yale yaliyokwishaingia zamani. Antena ya umeme utaikuta katika baadhi ya Toyota Land Cruiser za miaka ya 1980 na 1990, katika Cressida na Crown, na katika Mercedes-Benz za zamani, ambazo nyingi zilifungwa antena za kampuni ya Hirschmann ya Ujerumani. Peugeot 504, gari lililopata sifa kubwa humu nchini baada ya kushinda mashindano ya Safari mwaka wa 1975 na tena 1978, kwa kawaida lilikuwa na mlingoti wa kuvutwa kwa mkono, na mwenye gari hilo anaweza kuruka sehemu ya mota katika makala haya. Sehemu ya waya imhusu sana.

Antena ya umeme ina sehemu tatu. Kwanza ni mlingoti wa vipande vinne au vitano vinavyoingiana. Pili ni uzi mnene wa nailoni, wenye meno upande mmoja, uliounganishwa na kipande chembamba kabisa cha ndani. Tatu ni kasha lenye mota ya volti 12, gia, na roda inayouzungusha uzi huo. Mota inaposukuma uzi, mlingoti hupanda; inapouvuta, hushuka. Ndani ya kasha mna pia kifaa kinachotambua kwamba safari imekwisha na kuisimamisha mota.

Nyaya za umeme kwa kawaida ni tatu. Mmoja huleta umeme wa betri wakati wote kupitia fyuzi. Wa pili ni wa ardhi, unaofungwa kwenye bodi ya gari. Wa tatu hutoka kwenye redio, na kazi yake ni kutoa amri tu: redio inapowaka, waya huo hupata umeme na mota huinua mlingoti, redio inapozimwa, umeme huo hukatika na mlingoti hushushwa. Mbali na hizo kuna waya mnene wa antena wenyewe, wenye kiini cha shaba katikati na wavu wa shaba ukiuzunguka, ambao ndio unaopeleka mawimbi kwenye redio.

Sikiliza kwanza

Fundi mzuri hasikimbilii bisibisi. Humwomba mwenye gari awashe redio, naye akaweka sikio karibu na kasha.

Ikiwa hakuna sauti yoyote, basi ugonjwa ni wa umeme. Tazama fyuzi, kisha waya wa ardhi, kisha waya wa amri. Kwa balbu ndogo ya majaribio au mita ya umeme, hakikisha kwamba waya wa kwanza una volti 12 hata redio ikiwa imezimwa, na kwamba waya wa amri hupata volti hizo redio inapowashwa. Ikiwa gari limewahi kubadilishwa redio, na mengi yamebadilishwa, huenda waya wa amri uliachwa ukining'inia nyuma ya dashibodi bila kuunganishwa. Katika hali hiyo mota haina kosa lolote, na aliyeitupa alitupa mali nzima.

Ikiwa mota inalia kwa sekunde kadhaa lakini mlingoti hausogei, meno ya uzi wa nailoni yamekwisha au uzi umekatika. Huu ndio ugonjwa wa kawaida kuliko yote, na dawa yake ni mlingoti mpya pamoja na uzi wake, si kasha zima. Ikiwa mlingoti unapanda nusu kisha panasikika mlio wa kugonga-gonga, kipande kimojawapo kimepinda au kimejaa vumbi na gia zinateleza kwa kukosa nguvu. Na ikiwa mlingoti unapanda na kushuka bila tatizo lakini redio inakoroma tu, usiuguse mlingoti wala mota. Shida iko kwenye waya mnene au kwenye ardhi ya antena, na tutaifikia.

Kubadilisha mlingoti

Kazi hii haihitaji kung'oa kasha. Kabla ya kuagiza mlingoti, pima urefu wa ule wa zamani ukiwa umenyoshwa wote, hesabu vipande vyake, na upime unene wa uzi. Mlingoti wa gari moja huweza kufanana kwa macho na wa gari jingine, lakini meno ya uzi yakitofautiana kidogo tu hautashikwa na gia. Ni heri kumtumia muuzaji picha ya uzi ukiwa umewekwa kando ya rula kuliko kumtajia jina la gari peke yake.

Mlingoti mpya unapofika, fungua nati ya juu, ile iliyozunguka shina la antena juu ya madigadi. Ifungue kwa uangalifu, kwa kitambaa kati ya spana na nati, isije ikachubuliwa. Mwenzako awashe redio. Mota itausukuma mlingoti wote nje pamoja na uzi wake, nawe uwe umeushika na kuuvuta taratibu. Unapotoka, angalia upande ambao meno ya uzi yanaelekea. Wa kuingia utaelekea huko huko.

Chini ya mlingoti kuna kibano kidogo cha shaba chenye mipasuko, kama kola. Hicho ndicho kinachogusanisha mlingoti na waya wa antena. Kikipotea au kikiwekwa kichwa chini, mlingoti utapanda vizuri mno na redio haitashika chochote, na fundi atashinda akitafuta kosa ndani ya redio.

Ingiza uzi mpya hadi usikie umefika kwenye gia. Mwenzako azime redio. Gia zitaung'ata uzi na kuuvuta ndani. Wewe uelekeze mlingoti tu usiusukume. Yaelekea mara ya kwanza hautaingia wote. Urudishe kibano mahali pake, ikaze nati kwa mkono, kisha redio iwashwe na kuzimwa mara mbili au tatu, na mlingoti utajipanga wenyewe. Hapo ndipo nati ikazwe kwa spana.

Ikiwa uzi wa zamani ulikatikia ndani, njia hiyo haifai, kwa kuwa kipande kilichobaki kitauzuia uzi mpya. Kasha halina budi kutolewa. Katika magari mengi limefungwa kwa bolti moja au mbili nyuma ya pazia la pembeni mwa buti; katika Land Cruiser limo ndani ya madigadi ya mbele, na kifuniko cha ndani cha gurudumu sharti kifunguliwe. Wengi hukata betri kabla ya kazi hii. Jihadhari: baadhi ya redio za miaka ya 1990 hujifunga zinapokatiwa umeme na hudai namba ya siri, na namba hiyo mara nyingi ilipotea pamoja na mwenye gari wa kwanza. Kuondoa fyuzi ya antena kunatosha.

Fungua kifuniko cha roda, toa vipande vyote vya nailoni, na safisha grisi ya zamani ambayo kwa joto la huku huwa imegeuka kama lami. Mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa yanafaa; petroli huweza kuharibu plastiki. Paka gia grisi mpya nyeupe, nyembamba. Chini ya kasha kuna kibomba cha mpira cha kutolea maji, ambacho watu hukidhania ni cha ziada na kukiziba. Kiache wazi, kielekezwe nje ya bodi. Takaba haina mvua nyingi, lakini ile ya Deyr ikinyesha hunyesha kwa ghadhabu, na kasha lililojaa maji halifufuki.

Waya usiofaa

Hapa ndipo penye kosa linaloziua redio nyingi za Kaskazini Mashariki, na mwandishi wa makala haya lilimkuta. Waya wa antena wa gari lake ulikuwa umechunwa na panya. Fundi mmoja, mtu mwenye mikono safi kwa kazi nyingine zote, aliukata na kuunga kipande cha waya wa televisheni kilichobaki dukani. FM ya mjini ilisikika kama kawaida, malipo yakafanywa, na gari likaondoka. Kilomita chache nje ya mji FM ilizimika, na masafa ya kati, ambayo usiku huo yangepaswa kujaa vituo kutoka kila upande, yalikuwa kimya kama kaburi.

Sababu yake si uchawi. Kituo cha FM cha megahezi 100 kina wimbi la urefu wa mita tatu, na robo yake ni sentimita 75. Mlingoti wa gari unakaribiana na kimo hicho, ndiyo maana FM hushikwa kwa urahisi. Lakini kituo cha masafa ya kati cha kilohezi 1,000 kina wimbi la mita 300, ambalo robo yake ni mita 75. Hakuna gari linaloweza kubeba mlingoti wa namna hiyo. Kwa hivyo mlingoti wa gari huambulia sehemu ndogo mno ya nguvu ya masafa hayo, na waliounda magari waliuchagua waya maalumu, wenye kiini chembamba mno na nafasi kubwa kati ya kiini na wavu, ili kidogo hicho kisivujie njiani. Waya wa televisheni una kiini kinene kilichobanwa karibu na wavu. Kila mita yake humeza sehemu ya kile kidogo kilichopatikana, na redio hubakiwa na makombo.

Ikibidi kuunga, tumia waya wa antena ya gari uliotolewa kwenye gari jingine, hata kama ni bovu kwa mengine yote. Lehemu kiini kwa kiini na wavu kwa wavu, vitenganishwe vizuri kwa utepe wa umeme. Kisha pima: kati ya ncha ya mlingoti na pini ya katikati ya plagi, umeme upite bila kizuizi, kati ya pini hiyo na chuma cha nje cha plagi, usipite kabisa. Kati ya shina la antena na bodi ya gari pia upite bila kizuizi. Hili la mwisho hushindwa mara nyingi kwa sababu ya kutu au rangi iliyopakwa juu ya madigadi. Sugua kwa msasa chini ya washa hadi chuma king'ae.

Ardhi mbaya hujulikana pia kwa sikio. Ikiwa redio ni safi injini ikizimwa na inakwaruza injini ikiwaka, mwendo wa mkwaruzo ukifuata kanyagio la mafuta, anza na ardhi ya antena kabla ya kushuku redio. Katika injini ya dizeli isiyo na plagi za cheche, kelele hiyo huwa ni mluzi wa alteneta.

Liko jambo jingine ambalo vijana wa karakana hawalijui kwa kuwa redio za kisasa hazina. Redio za zamani zina skrubu ndogo karibu na tundu la antena, au nyuma ya kitufe cha mbele. Kazi yake ni kuilinganisha redio na antena iliyofungwa. Kila antena au waya unapobadilishwa, tafuta kituo dhaifu cha masafa ya kati karibu na kilohezi 1,400, mlingoti ukiwa juu kabisa, kisha zungusha skrubu hiyo polepole hadi sauti iwe kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Ni kazi ya dakika moja, na gari lililodhaniwa kiziwi huanza kusikia.

Kuhusu redio zilizokuja na magari ya Japani, FM yake iliundwa kuanzia megahezi 76 hadi 90, wakati vituo vya Kenya viko kati ya 87.5 na 108. Kijisanduku cha kuhamisha masafa, kinachofungwa kati ya antena na redio, husaidia, lakini hakitengenezi antena mbovu. Fundi anayekifunga kabla ya kupima waya anapamba nyumba isiyo na paa.

Vumbi, miiba na njia ya mkato

Adui mkubwa wa mlingoti huku ni vumbi. Wakati wa Jilaal, vumbi laini hujipaka kwenye kila kipande na kusagwa ndani kila mlingoti unaposhuka. Dawa ya watu wengi ni kuupaka mafuta ya injini, na hiyo ndiyo sumu, kwa maana mafuta na vumbi hufanya uji unaokwaruza kuliko msasa. Pangusa mlingoti kwa kitambaa kikavu ukiwa juu kabisa, mara moja kwa wiki au kila baada ya safari ndefu. Ukilazimika kutumia mafuta mepesi, pangusa tena hadi kitambaa kitoke kikavu.

Kabla ya kupita penye miti ya miiba iliyoinamia barabara, zima redio na ungoje mlingoti ushuke. Vivyo hivyo kabla ya kufunika gari kwa turubai au kupakia mizigo juu. Mlingoti uliopinda kidogo huweza kunyoshwa kwa mkono. Uliovunjika mkunjo hauingiani tena na wenzake, na kuulazimisha ni kuyamaliza meno ya uzi.

Na kama kipuri hakipatikani kabisa? Zipo antena fupi za mpira ambazo huuzwa kwa bei nafuu na huonekana nadhifu. Mjini zinatosha. Kwa gari linalotoka Takaba kwenda Dandu au Lagsure, hazifai, maana ufupi wake huondoa hata kile kidogo cha masafa ya kati. Ni afadhali mlingoti wa zamani uinuliwe wote kwa mkono, ufungwe hapo kwa nati, na waya wa amri utenganishwe ili mota isipigane nao. Gari halitapendeza, na mwenye Mercedes atanung'unika, lakini redio itasikia. Mlingoti wa kudumu usio na mota, wa urefu wa mita moja hivi, ukifungwa kwa waya sahihi na ardhi safi, ni mzuri vilevile.

Kazi ikikamilika, usiijaribu mchana mbele ya karakana, ambako kila redio hushika kituo cha karibu. Ngoja usiku uingie, toka nje ya mji mahali pasipo na nyaya za stima, zima injini, na uipitishe sindano ya masafa ya kati kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukihesabu vituo vingi, hata vya lugha usizozijua, mlipe fundi. Usipovipata, rudi kwenye kile kibano cha shaba.